Namna ya Kufuata Msimu Mzima wa Futiboli ya Kimarekani Ukiwa Lamu

Chagua timu moja. Ligi ya NFL ina timu 32, na mtu wa Lamu akitaka kuzifuata zote atakesha tangu Septemba hadi Februari, aamke macho yamemvimba, na mwisho asijue lolote kwa undani. Shika timu moja na mechi zake 17 za msimu wa kawaida. Nyingine utazijua moja moja zikija kucheza na yako.

Yangu ni Philadelphia Eagles. Mwana wa kaka yangu amelowea kule, na ndiye aliyenitia katika mambo haya. Alinipigia simu akaniambia, "Shangazi, wewe usiku wote uko peke yako na mahamri yako, ngoja nikuoneshe kitu." Mimi napika mahamri na mbaazi hapa Langoni, na kazi yangu huanza watu wamelala. Tangu hapo simu hukaa juu ya rafu, mbali na karai, na Eagles ndio wenzangu wa usiku.

Wewe chagua unayoitaka, lakini uwe na sababu ya kwako: ndugu aliyeko mji ule, mchezaji ambaye akikimbia moyo wako unakwenda naye, hata rangi ya jezi si sababu mbaya. Usichague kwa kuwa ndio mabingwa wa mwaka jana. Ligi ile imepangwa makusudi mkubwa asimmeze mdogo. Kila mwaka mwezi wa Aprili, timu iliyofanya vibaya kuliko zote hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Mishahara nayo ina kikomo kimoja kwa wote. Mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu, uwe tajiri usiwe tajiri. Kwa hivyo usione haya kushika timu iliyoko mkiani. Detroit Lions walishinda mechi ya mtoano Januari 2024, na ya kabla ya hiyo ilikuwa Januari 1992. Nilimwona mzee mmoja uwanjani analia kama aliyerudishiwa mwanawe, na sikumshangaa.

Saa zao na saa zetu

Hapa ndipo wengi wa kwetu wanapokata tamaa, na hawana haja. Philadelphia iko nyuma yetu kwa saa 7 mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Siku hiyo Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, sisi hatugusi kitu, na tofauti inakuwa saa 8 mpaka msimu umalizike. Chukua karatasi, andika, bandika ukutani.

Mechi za Jumapili za mchana wao huanza saa mbili usiku kwetu, ukishaswali Isha na kula. Kuanzia Novemba ni saa tatu. Mechi huchukua kama saa tatu hivi, kwa hivyo hizi ni za kila mtu, hata mwalimu mwenye kipindi cha kwanza Jumatatu. Za alasiri yao huanza saa tano na dakika 25 usiku, na ikifika Novemba saa sita na dakika 25. Hizi ndizo mbaya, zinakukata usingizi katikati. Kama huna kazi ya usiku, lala, utatazama muhtasari asubuhi.

Za usiku wao, yaani Alhamisi, Jumapili na Jumatatu, huanza saa tisa na robo au na dakika 20 usiku wetu, na Novemba zinasogea hadi saa kumi na robo. Hapo uangalie sana siku: ratiba ikisema Jumatatu usiku, kwetu ni alfajiri ya Jumanne. Nimewaona vijana wamekaa barazani Jumatatu usiku na simu zao wanangoja mechi ambayo bado iko mbali.

Hizi za alfajiri ndizo zangu hasa. Unga naukanda jioni kwa tui zito la nazi, sukari, hiliki na hamira, naufunika, na saa tisa nikifunua umeumuka mpaka ukingoni mwa sufuria. Mechi ina robo nne: ya kwanza nasukuma na kukata. Robo ya pili karai liko motoni, na hapo sitazami, nasikiliza tu, maana hamri halingoji: likivimba unaligeuza papo hapo, ukichelewa upande mmoja umeungua. Septemba na Oktoba mapumziko huangukia karibu na adhana ya alfajiri. Naswali, nikirudi robo ya tatu imeshaanza. Manahodha wa boti za Mokowe wakija kuchukua mahamri yao huniuliza kabla ya salamu kwisha, "Mama, wako wameshinda?"

Kama una intaneti ya nyumbani, Game Pass, kifurushi cha ligi cha kutazama mechi mtandaoni, huuzwa kupitia programu ya DAZN na unaona mechi zote. Ni ghali, watu wanne watano wa mtaa mmoja wakichanga na kukaa chumba kimoja inakuwa jambo la furaha. Mwenye bando la simu asihangaike na picha za moja kwa moja. Fungua maandishi ya mchezo kwa mchezo kwenye programu ya ligi, yanakula bando kidogo sana, na asubuhi tazama muhtasari kwenye chaneli ya NFL ya YouTube, ambao ni bure. Simu ijae chaji kabla ya kulala. Sisi wa kisiwani tunajua stima inavyopotea bila kuaga.

Kusoma mchezo

Ukitazama mara ya kwanza utaona watu wanagongana, wanasimama, wanagongana tena. Usiutafute mpira. Tazama hesabu mbili zilizo kwenye kioo: ni jaribio la ngapi, na zimebaki yadi ngapi. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ambazo ni mita 9 na kidogo. Ikizipata, hesabu huanza upya. Ikishindwa, mpira ni wa wenzao pale pale ulipo. Ndiyo maana likifika jaribio la nne wengi huupiga mpira mbali kwa mguu, au wakiwa karibu huupiga kati ya nguzo wapate pointi 3. Kuufikisha eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza ni pointi moja. Mengine utayajua polepole. Ukishazielewa hesabu hizi mbili, tayari unatazama mechi.

Ukiona ni jaribio la tatu au la nne, imebaki yadi moja, na Eagles ndio wenye mpira, acha unachofanya. Kwotabeki wao, yaani kiongozi wa mashambulizi na mrusha pasi, Jalen Hurts, huinama nyuma kabisa ya yule anayemkabidhi mpira. Mstari mzima wa mbele unashuka, mabega karibu yaguse nyasi. Mpira ukitoka tu, wa mbele wanaingia kwa chini, na walioko nyuma wanamsukuma Hurts mgongoni kwa mikono yote. Kwa sekunde mbili huoni kitu ila rundo la watu, kisha mwamuzi anakuja kufukua. Katika mstari ule mtazame namba 68, upande wa kushoto. Huyo ni Jordan Mailata, mtu wa Australia aliyekuwa mchezaji wa raga. Eagles walipomchagua mwaka 2018, akiwa wa 233 kwenye orodha, hakuwa amecheza futiboli ya Kimarekani hata mechi moja. Leo ni nguzo ya timu. Nampenda mtu yule. Na mchezo wao ule wa kusukumana uliwakera wenzao mpaka Mei 2025 timu zikapigiana kura kuupiga marufuku. Zilihitajika kura 24, zikapatikana 22, na Hurts anaendelea kusukumwa.

Msimu wenyewe

Tenga kurasa. Mimi hutumia kurasa za nyuma za daftari langu la madeni: mbele ni nani amechukua mahamri ya shilingi ngapi, nyuma ni Eagles. Kila juma mstari mmoja: wamecheza na nani, matokeo, nani ameumia, na wako nafasi ya ngapi. Bila maandishi, ikifika Desemba utakuwa umesahau ya Septemba, na ya Septemba ndiyo yanayoamua nani acheze nyumbani Januari.

Kwanza jua timu yako iko kundi gani. Ligi imegawanywa pande mbili, AFC na NFC, kila upande timu 16, na kila upande una makundi manne ya timu nne nne. Eagles wako NFC Mashariki pamoja na Dallas Cowboys, New York Giants na Washington Commanders. Timu za kundi lako unacheza nazo mara mbili kila moja, nyumbani na ugenini. Hizo ni mechi 6 kati ya 17, nazo ndizo za kukesha hata kama huna nguvu. Zilizobaki hupangwa kwa mzunguko wa makundi mengine na kwa nafasi uliyomaliza mwaka uliopita; aliyekuwa wa kwanza hupewa wa kwanza wenzake. Washindi wa makundi manne huingia mtoano, pamoja na watatu wengine wenye rekodi nzuri, jumla 7 kila upande. Aliye wa kwanza kabisa hupumzika juma la mwanzo.

Sasa nikuoneshe faida ya daftari kwa msimu wa 2024, ambao naujua mstari kwa mstari.

Eagles walianzia São Paulo, Brazil, wakawafunga Green Bay Packers 34 kwa 29. Juma la pili, alfajiri ya Jumanne yetu, walikuwa mbele ya Atlanta Falcons na dakika mbili hazijabaki. Ilikuwa jaribio la tatu. Mpira ukarushwa kwa Saquon Barkley, mkimbiaji wao ambaye walimtoa Giants mwaka ule ule, yuko peke yake, hana wa kumkaba, na mpira ukamponyoka mikononi. Falcons wakapata nafasi, wakashinda 22 kwa 21. Juma la nne wakafungwa na Tampa Bay Buccaneers 33 kwa 16. Wakaenda juma lao la mapumziko, maana kila timu ina moja, wakiwa wameshinda mbili na kufungwa mbili. Watu walikuwa wanamtaka kocha Nick Sirianni aondoke. Mwana wa kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti mrefu, sauti ya mtu aliyefiwa. Nikamwambia, "Mwanangu, tulia, mechi 13 bado."

Hapo ndipo naposema, usiuhukumu msimu kwa Septemba. Baada ya mapumziko yale walishinda mechi 10 mfululizo. Vic Fangio, mwenye kufundisha ulinzi, alikuwa ndiyo kwanza ameingia mwaka ule, na wachezaji wake walihitaji muda kumzoea. Na Barkley yule aliyeponyokwa na mpira, alfajiri moja ya Novemba alikimbia yadi 255 dhidi ya Los Angeles Rams, mara mbili akienda moja kwa moja hadi mwisho, mara ya kwanza yadi 70, mara ya pili 72. Kwa mechi moja! Wengi wakikimbia 100 wanapigiwa makofi.

Kisha jifunze kusoma orodha ya majeruhi. Hutolewa kila juma kabla ya mechi, na wanaoisoma wanajua mapema yatakayowashangaza wengine. Tarehe 22 Desemba Hurts aligongwa kichwa mapema katika mechi ya Washington, akatolewa. Eagles wakaongoza sana kisha wakafungwa 36 kwa 33. Ukitazama matokeo peke yake utasema timu imelegea. Ukitazama orodha utaona hakuwako kwotabeki. Juma lililofuata bado hakucheza, na wakawafunga Dallas 41 kwa 7 kwa kwotabeki wa akiba, kisha wa akiba wa yule wa akiba. Kwenye daftari langu niliandika: hawa ni timu, si mtu mmoja.

Jambo la mwisho la msimu wa kawaida ndilo lililoleta ubishi mkubwa hapa kibandani. Barkley alikuwa amekimbia yadi 2,005 kwa mechi 16. Rekodi ya msimu mmoja ni 2,105, ya Eric Dickerson, ya mwaka 1984. Ilibaki mechi moja, dhidi ya Giants, timu yake ya zamani, na ilikuwa dhaifu. Alihitaji yadi 101. Sirianni akamkalisha. Kijana mmoja mvuvi, mteja wangu, aliona ni dhuluma: "Mama, mtu amefika mlangoni mwa rekodi ya miaka 40, unamrudisha vipi?" Nikamfungulia daftari. Eagles walikuwa tayari ni wa pili upande wa NFC, hawawezi kupanda wala kushuka. Mechi ile haikuwa na thamani yoyote kwa timu, na mguu wa Barkley ulikuwa na thamani yote. Mimi nasema kocha alifanya sawa, na aliyefuata msimu mzima angefanya vile vile. Kila mechi iulize: ina uzito gani leo? Jibu liko kwenye msimamo wa ligi.

Mtoano

Mtoano ni Januari, na ukifungwa mara moja umekwenda. Saa zinakuwa nzuri zaidi kwetu: mechi mbili za Eagles mwaka ule zilianza saa tano usiku. Ile ya Rams, tarehe 19 Januari 2025, ilichezwa theluji inadondoka mpaka mistari ya uwanja ikafutika. Huku kaskazi inavuma, joto limetukalia, tumekaa nje na feni ya mkono, na kule watu wanatoa moshi midomoni. Barkley akakimbia yadi 205, na ule mbio wake mmoja, yadi 78 katika theluji, nauona hata leo. Wakashinda 28 kwa 22. Juma lililofuata wakalipa deni la Washington, 55 kwa 23.

Super Bowl, yaani fainali ya ligi, huchezwa Jumapili ya pili ya Februari, na kwetu huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Lala baada ya Isha, weka saa. Usijidanganye kwamba utakesha mfululizo, robo ya tatu itakukuta unakoroma. Mwaka 2025 ilikuwa New Orleans, na Kansas City Chiefs walikuwa wanatafuta ubingwa wa tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifanya katika Super Bowl. Tazama ulinzi wa Fangio usiku ule kama unataka kujifunza. Hakuongeza watu wa kumkimbilia kwotabeki, Patrick Mahomes. Wanne wa mbele walitosha, wakamwangusha mara 6, na wengine wote wakabaki nyuma kufunga njia za pasi. Cooper DeJean, kijana aliyekuwa anatimiza miaka 22 siku ile ile, akanasa pasi na kukimbia nayo yadi 38 hadi mwisho. Mapumziko ilikuwa 24 kwa 0. Ikaisha 40 kwa 22, na mahamri ya siku ile yalitoka yamechelewa lakini hakuna mteja aliyelalamika.

Nawakumbusha mapema kuhusu mwaka 2027. Super Bowl imepangwa tarehe 14 Februari kule Inglewood, California, na kalenda zinakadiria mwezi wa Ramadhani kuandama karibu na tarehe 8. Mkiona hivyo basi mechi itaangukia daku. Pikeni jioni, wali na mchuzi viwe tayari vinasubiri kupashwa moto tu. Robo mbili za mwanzo tazameni kwa kahawa na tende. Mapumziko ya Super Bowl ni marefu kuliko ya kawaida kwa sababu ya muziki, na yatakuja kama saa kumi hivi. Kuleni hapo, mshibe, mnywe maji, maana adhana itawakuta katika nusu ya pili.